Maji Yanadondoka Nje

6 Februari

Fundi wangu,

Dereva Taratibu amekaa sebuleni anakunywa chai na amekataa kuondoka bila barua ya kukuletea, kwa hiyo naandika mbio na mwandiko wangu usiucheke. Najua huko mnakojenga vyumba vya baridi simu hazishiki. Mimi silalamiki sana. Kwenye simu huwa unaniambia "niko juu ya ngazi" kabla sijamaliza salamu, lakini barua huwezi kuikata.

Mashine yako inapuliza. Tangu uondoke sijaizima, labda umeme ukikatika. Nikikumbuka siku ile nilipoanguka kwenye foleni ya kliniki kwa joto, na wewe ukaapa kwamba mimba ya kwanza ilitoka lakini hii haitoki, na siku ya tatu ukaja na kiyoyozi begani kimetolewa kwenye ofisi iliyofungwa, huwa nacheka peke yangu. Wanawake wengine huletewa khanga.

Majirani wanakuja kusalimia na hawaagi. Mama yako juzi alikaa kitandani kwangu saa nzima, eti anakagua mapazia. Nami nimehamishia cherehani humo humo chumbani. Nashona mchana kutwa, mlango nimefunga, dirisha nimefunga, kama mkurugenzi. Mtoto anacheza. Nesi amesema miezi mitano imetimia na kila kitu kiko sawa.

Sikufurahi tulivyoagana. Gari lilikuja kabla ya saa yake, likapiga honi kama linafukuzwa, ukanishika mkono na wako bado una saruji. Safari nyingine uniage vizuri.

Mama Kijacho

*

9 Februari

Mama Kijacho,

Barua yako imefika, na Taratibu amejisifu kwamba safari hii alitumia siku moja na nusu tu. Punda angewahi zaidi.

Huku tuko watano, jua linatuchoma nje na vyuma vinatuchoma ndani. Vyumba ni vya kuhifadhia nyama, vikubwa kama ukumbi wa shule. Msimamizi ananiamini, anataka mimi nimalize mabomba yote kabla ya kuwasha. Sitaweza kurudi kabla ya mwezi wa nne.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Mashine hiyo asiiguse mtu. Hasa Bisibisi, jirani yetu. Ana maneno matamu, lakini huyo ni fundi wa friji za soda, akiona kifuniko lazima akifungue. Kwetu sisi mafundi, mtu akifungua kazi yako wakati haupo ni sawa na kukuvua nguo barabarani. Ile kazi nimeimaliza, haina kilichobaki. Wewe poa, shona, umlee mwanangu.

Umwambie mama mapazia yako salama.

Fundi wako

*

20 Februari

Fundi,

Kuna doa limetoka nyuma ya kabati. Nililiona nilipoinama kuokota bobini ya uzi iliyoviringika. Wiki iliyopita lilikuwa kama sahani, sasa limepanda, limeota vidoti vyeusi pembeni, ukilitazama vizuri linafanana na mjomba wako na zile ndevu zake. Nimelisalimia.

Ila chumba kina harufu. Si mbaya sana, ni uvundo kama wa nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Nikiingia kutoka nje naisikia, nikishakaa siisikii tena. Nimefua mashuka mara mbili. Mama yako anasema ni panya amekufa. Nimetafuta panya, hakuna.

Au ni mimba? Wanasema pua ya mjamzito husikia hata mawazo ya watu.

Usiwe na wasiwasi, nakuuliza tu wewe mwenye utaalamu.

Mama Kijacho

*

22 Februari

Mama Kijacho,

Mwache mjomba wangu apumzike. Hilo ni jasho la ukuta tu. Chumba kikiwa baridi na nje kuna joto, ukuta hutoka jasho, ni kawaida. Stoo kuna kopo la rangi nyeupe lililobaki tulipopaka sebule. Paka mara mbili, doa litakwisha. Harufu itakwenda na doa.

Usipande kitu kirefu. Mwambie mama apake sehemu ya juu, atajifanya anachoka lakini ana nguvu kuliko mimi.

Mtoto anacheza bado?

Fundi wako

*

6 Machi

Fundi,

Nimepaka. Mama alipaka juu, mimi chini, tukamaliza na nusu ya rangi iko kwenye nywele zake. Ukuta ulipendeza siku nane. Siku ya tisa vidoti vikarudi, vikatokeza juu ya rangi kama vimeitwa.

Mwalimu mkuu amenirudishia suti yake. Alisema kwa adabu, "Mama, mshono ni safi kabisa, ila nguo inanuka chumba." Niliona aibu sana. Nimeianika juani siku mbili.

Mama alitaka tumwite Bisibisi atazame. Nikakataa katakata. Nitaanzaje kumwita fundi mwingine na mimi mume wangu ni fundi? Mtaa mzima utasema mganga hajigangi. Nimemwambia mama neno lako la kuvuliwa nguo barabarani, akanyamaza, lakini unajua jinsi anavyonyamaza kwa sauti.

Nina mafua kidogo. Yanakuja asubuhi, jioni nikikaa kibarazani yanapoa. Kifua nacho kinapiga mluzi kama birika, kama utotoni nilipokuwa na pumu. Ni vumbi la vitambaa tu. Mtoto anacheza, ingawa siku hizi si kama zamani, nadhani amekuwa mstaarabu.

Mama Kijacho

*

8 Machi

Mama Kijacho,

Unywe vitu vya moto. Usishone sana.

Nina swali dogo. Ukipita nyuma ya nyumba, chini ya dirisha letu, unaona maji yakidondoka? Mashine ikifanya kazi lazima itoe maji nje. Tazama halafu uniandikie. Si jambo kubwa, ni ukaguzi wa kawaida tu, hata kwa wateja huwa nauliza.

Huku tumewasha chumba cha kwanza. Kimeganda vizuri. Wenzangu walinipigia makofi.

Fundi wako

*

20 Machi

Fundi wangu,

Nimetazama. Maji yanadondoka nje, vizuri kabisa. Hata kuna kuku wa jirani anakuja kunywa hapo.

Hongera kwa chumba chako. Nilimsomea mama akasema ameolewa na wanaume wawili katika maisha yake na hakuna aliyewahi kugandisha hata maji ya kunywa.

Kliniki nimekwenda. Nesi alisikiliza kifua changu muda mrefu, akaniuliza ninalala wapi, nyumba ikoje. Nikamwambia nyumba ni nzuri. Amesema mtoto ni mdogo kidogo kuliko miezi yake, nile vizuri na nirudi baada ya wiki mbili. Nakula. Mama ananilisha kama kuku wa sikukuu.

Usiharakishe kazi kwa ajili yangu.

Mama Kijacho

*

22 Machi

Mama Kijacho,

Nilikwambia! Kazi ya mkono wangu mimi naijua. Kama maji yanadondoka nje, basi doa hilo ni jasho tu, halina neno. Ule, ulale, mwezi wa nne si mbali.

Kuku huyo nitamla nikirudi.

Fundi wako

*

5 Aprili

Mwanangu,

Ni mimi mama yako ninayeandika. Mkeo hajui. Aliniambia nisikuandikie, kwamba mtu aliye juu ya ngazi hapelekewi habari ya msiba. Lakini mimi ndiye niliyekuzaa, najua ngazi zako.

Tarehe 29 Machi asubuhi alikosa pumzi. Nilimkuta amekaa sakafuni kando ya cherehani, amekumbatia kiti, midomo imebadilika rangi. Nilipiga kelele, Bisibisi akaleta gari la kaka yake. Hospitali walimwekea hewa. Uchungu ukaanza siku hiyo hiyo, na mtoto alikuwa wa miezi saba, hata haijatimia.

Alikuwa msichana. Alikaa nasi siku mbili. Nilimwona kupitia kioo, paji la uso lilikuwa lako kabisa. Siku ya pili jioni wakaniita. Tulimzika kesho yake.

Daktari aliuliza kama chumba cha mgonjwa kina unyevu. Nikarudi nyumbani kwenu nikasukuma kabati peke yangu. Mwanangu, ukuta ule wote ni mweusi, kutoka chini ya mashine hadi sakafuni. Nilibonyeza kwa kidole na kidole kikazama. Nyuma ya kabati kulikuwa na manyoya ya kijivu kama ya mkate uliosahaulika. Sisi tulikuwa tunapaka rangi juu ya hayo.

Nikamuuliza daktari kama ndiyo yaliyomuua mjukuu wangu. Akasema ukungu huamsha pumu, na mama akikosa pumzi na mtoto tumboni anakosa, lakini hawezi kuniapia kwamba ni ukuta ule na si jambo lingine. Alinijibu kwa heshima. Nilitamani angeniapia, upande wowote.

Nimezima mashine. Mkeo yuko kwangu, analala kitandani kwangu. Njoo.

Mama yako

*

7 Aprili

Mke wangu,

Nilisoma barua ya mama nikiwa ndani ya chumba cha baridi. Nilikaa chini humo humo mpaka wenzangu wakaja kunitoa. Najua hukutaka nijue kwa barua. Usimlaumu mama.

Nimeomba ruhusa, msimamizi amekataa. Anasema mpaka vyumba vyote viwashwe. Nimembembeleza sana.

Kuna jambo lazima nilitoe sasa, maana likibaki litaniua. Siku ile ninafunga mashine, bomba la kutolea maji liliniishia. Lilipungua kiasi cha mkono mmoja tu. Duka lilikuwa limefungwa, na gari lilikuwa getini linapiga honi. Nikalisukuma likaishia ndani ya ukuta, nikaziba tundu la nje kwa saruji lisionekane. Nilijiambia nitalimalizia nikija, maji yenyewe ni kidogo. Halafu nikakwambia kazi imekwisha. Mimi mteja akinionyesha kazi ya namna hiyo humtukana aliyeifanya, na kifuniko nakiacha wazi watu wote waone.

Ulipoandika kuhusu doa, nilijua. Nilikwambia upake rangi huku najua. Ningekuruhusu umwite Bisibisi angegundua kwa kutazama mara moja, na kesho yake mtaa mzima ungejua. Nilifikiria mtaa. Nakuapia sikufikiria kifua chako, sikujua ukungu unaweza kumfikia mtoto, nilidhani hasara ni ukuta. Lakini hata ukuta niliuona ni heri uoze kuliko jina langu.

Na lipo baya zaidi. Nilipokuuliza kama maji yanadondoka nje, nilijua hayawezi kudondoka. Nilitaka uniandikie kwamba hakuna maji, ili nilazimike kusema ukweli, maana mwenyewe nilishindwa kuanza. Ukaandika yanadondoka. Niliisoma sentensi hiyo mara tatu. Nilijua si kweli. Nilijua kuna kitu unanificha. Nami, mke wangu, nilifurahi. Nikakujibu "nilikwambia".

Binti yangu sikumwona. Mama anasema alikuwa na paji langu.

Nitakuja mara watakaponiruhusu. Kama unataka kuondoka kwangu kabla sijafika, una haki.

Mumeo

*

19 Aprili

Mume wangu,

Barua yako nilikaa nayo siku kumi. Kila nikishika kalamu maziwa yanatoka, kwa sababu mwili wangu haujaambiwa kwamba mtoto hayupo. Nimefunga kifua kwa kitambaa alichonipa mama. Yanatoka hivyo hivyo.

Nitaanza na langu, kisha nije kwako.

Siku uliyoniuliza habari ya maji, nilikwenda nyuma ya nyumba kutazama. Chini ya dirisha kulikuwa kukavu. Kuku hakuwepo, nilimtunga. Nilitazama ukutani nikaona saruji mpya tu. Bisibisi alikuwa anapita na mkoba wake, akaniona nimesimama pale na tumbo langu, akaja. Hakufungua kitu. Aligonga ukuta kwa kidole, akaniambia, "Shemeji, bomba la maji halikutoka. Limeishia humu ndani. Nipe nusu saa nilitoe, wala sihitaji kumwambia mtu."

Nusu saa. Nikamwambia hapana, mwenyewe yuko njiani, atamalizia. Akasema, "Basi zima mashine, ulale sebuleni." Nikalala sebuleni usiku mmoja. Mama akaanza kuuliza kwa nini nimehama, na mimi sikuwa na jibu ambalo halikuvui nguo. Nikarudi chumbani.

Kwa hiyo nilijua. Wiki mbili nilijua maji yanaingia ukutani, nikakaa humo nashona na kifua kinapiga mluzi. Nesi aliponiuliza nyumba ikoje nikasema nzuri. Nikakuandikia kwamba maji yanadondoka. Unadhani nilikuwa nakudanganya tu ili usiumie. Ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilisema moyoni: yeye ndiye aliyeziba, anajua hayadondoki, akisoma hivi atashtuka, atasema. Nilikungojea. Nilihesabu siku mpaka Taratibu arudi. Nilifungua barua yako mlangoni, hata chai sijampa, nikakuta "nilikwambia" na habari za kumla kuku.

Niliicheka barua ile, halafu nikaenda kushona. Nilikuwa na hasira na wewe, na hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chumbani wiki ya mwisho. Nilisema acha akija aone mwenyewe doa limefika wapi. Ndivyo nilivyowaza, mimi mama mtu. Nilitaka ukuta ukuaibishe, na mtoto wangu alikuwa anavuta pumzi kupitia kwangu.

Daktari aliniambia aliyomwambia mama, kwamba hana uhakika. Mimi nami sina. Sitakuwa nao mpaka nife, na wewe vivyo hivyo. Watu wanakuja kunipa pole wanasema ni mipango ya Mungu, nami naitikia, kisha wanapoondoka naona tundu lile lililozibwa.

Sasa nije kwako. Taratibu aliponiletea barua yako alikaa kimya, yeye ambaye huwa hanyamazi. Nilipomaliza kuisoma nikambana. Ameniambia msimamizi alikupa ruhusa siku ile ile, alikupa hata pole ya wenzako, na kwamba kiti cha mbele kilikuwa wazi. Anasema ulishika mlango wa gari, ukasimama, kisha ukampa bahasha na kurudi ndani.

Mume wangu, uliniandikia ukweli wote wa bomba, nililia kwa ajili yako niliposoma, nikasema angalau sasa ameacha. Kumbe juu ya ukweli huo huo ulikuwa umepaka rangi nyingine.

Sina nguvu ya kukutukana. Naelewa kwa nini uliogopa kupanda lile gari, hata mimi ningeogopa uso wangu. Lakini nilikuwa kitandani kwa mama yako, nimegeukia ukutani, na kila gari lililopita nilidhani ni wewe.

Sijui kama nitaendelea kuishi na wewe. Sijui kama nakuchukia. Najua nakukumbuka, na hilo nalo linanikasirisha. Kaburi ni dogo sana, mama anataka kupanda maua na mimi nimemwambia asiguse mpaka baba yake afike. Hajawahi kumwona baba yake hata mara moja, na asipandiwe maua na yeye hayupo.

Usiijibu barua hii. Taratibu anaondoka kesho na kukufikia keshokutwa, akigeuza gari uwe umekaa ndani. Ukiniandikia tena utaniambia hujambo, nami nitakuandikia nimepona, kwa mwandiko mzuri, na tutaaminiana. Njoo ukae mbele yangu unisikie ninavyokohoa.

Mkeo